Mlango na Ukumbi: Habari za Muziki wa Panki katika Mji wa Washington

Habari za muziki wa mji wo wote huandikwa aghalabu kwa kufuata majina ya waimbaji na tarehe za nyimbo zao. Desturi hiyo si mbaya, lakini huacha nje jambo lililo la kwanza kwa msikilizaji: kabla hajasikia sauti ya gitaa hana budi kupita mlangoni. Mlangoni husimama mtu anayeuliza umri wake, anayepokea kiingilio chake, na ambaye aweza kumrudisha nyumbani. Kwa hiyo furaha ya muziki ina historia mbili, moja ya jukwaani na moja ya mlangoni, na iko miji ambayo ile ya pili yaeleza mambo mengi kuliko ile ya kwanza. Mji mmoja wa namna hiyo ni Washington, mji mkuu wa Marekani, ambako tangu mwisho wa miaka ya 1970 vijana walijifanyia muziki wao wenyewe, uitwao panki, na pamoja nao wakafanya sheria zao za kuingia ukumbini.

Neno panki katika Kiingereza cha zamani lilikuwa tusi, nalo likitumika kwa mtu duni asiye na faida. Katika miaka ya 1970 vijana wa New York na London walilitwaa tusi hilo wakalifanya jina la muziki wao. Ulikuwa muziki wa gitaa za umeme, ngoma na sauti ya kupaza, wenye nyimbo fupi na mwendo wa kasi, ambao mtu aliweza kuupiga hata kama hakujifunza kwa mwalimu. Kundi la Ramones lilianza New York mwaka wa 1974, na kundi la Sex Pistols likaanza London mwaka wa 1975. Washington ilikuja nyuma yao. Zaidi ya hayo, New York na London zilikuwa na makampuni makubwa ya santuri na magazeti mashuhuri ya muziki, lakini Washington ulikuwa mji wa ofisi za serikali. Kijana aliyetaka kusikilizwa huko alikuwa na njia mbili: ama ahame, ama atengeneze kila kitu kwa mikono yake.

Ili kufahamu namna walivyopata mahali pa kupigia muziki, yafaa kwanza kuitazama hali ya mji wenyewe. Tarehe 4 Aprili, 1968, Martin Luther King aliuawa katika mji wa Memphis, na usiku ule ule ghasia zilianza Washington. Zaidi ya majengo 1,000 yaliharibiwa, na barabara za biashara za watu Weusi, kama vile barabara ya 14 na barabara ya 7, ziliteketea. Wenye maduka wengi hawakurudi. Mji uliokuwa na watu 802,178 mwaka wa 1950 ulibaki na watu 638,333 mwaka wa 1980. Weupe walihamia vitongoji vya Maryland na Virginia, na baada yao wakafuata Weusi wenye mishahara ya kutosha. Katikati ya mji, mwendo wa dakika chache tu kutoka Ikulu, yalikuwako majengo yenye ghorofa tupu ambayo hakuna aliyeyashindania.

Hasara hiyo ya mji ndiyo iliyokuwa nafasi ya vijana. Chumba kisichotakiwa na mfanya biashara chaweza kukodiwa kwa fedha kidogo, na mwenye chumba hatasumbuka sana akiona watu wa ajabu wakiingia na kutoka. Basi mwaka wa 1977 ilifunguliwa d.c. space, mkahawa uliokuwa na ukumbi mdogo wa muziki na michezo ya kuigiza karibu na pembe ya barabara ya 7 na barabara ya E. Katika mtaa wa Adams Morgan palikuwa na nyumba iliyokodiwa na jamii ya wachoraji, nayo iliitwa Madam's Organ. Mwaka wa 1979 makundi ya panki yaliruhusiwa kupiga humo. Tarehe 31 Mei, 1980, kilifunguliwa kilabu cha 9:30 katika ghorofa ya chini ya jengo la Atlantic, namba 930 barabara ya F. Kisheria kilichukua watu 199 tu. Wote waliokizoea hukumbuka ujia wake mrefu wa kuingilia, harufu yake isiyosahaulika, na nguzo iliyosimama mbele ya jukwaa hata wengine wasiweze kumwona mwimbaji. Hata hivyo walirudi juma kwa juma.

Kabla ya kumbi hizo kupata sifa, palikuwa na redio. Chuo Kikuu cha Georgetown, kilichoongozwa wakati huo na mapadre wa Shirika la Yesu, kilikuwa na stesheni ya redio iitwayo WGTB, ambayo wanafunzi na watu wa kujitolea waliitumia kwa siasa za upinzani na kwa nyimbo zisizopigwa na stesheni nyingine. Wakubwa wa chuo walichoshwa nayo, wakaifunga mwishoni mwa Januari, 1979, na mawimbi yake wakayatoa kwa Chuo Kikuu cha mji kwa bei ya dola 1. Siku chache baadaye, tarehe 3 Februari, kundi la Cramps kutoka New York lilipiga katika ukumbi wa Georgetown kwa ajili ya kuisaidia redio hiyo. Redio haikuokoka, lakini katika umati ule walikuwako vijana wa shule za sekondari ambao hawajapata kuona jambo kama lile. Mmoja wao alikuwa Ian MacKaye, mwenye umri wa miaka 16, ambaye jina lake litarudi mara nyingi katika habari hizi.

Walimu wao wa karibu zaidi, lakini, walikuwa watu wa mji wao wenyewe. Bad Brains walikuwa vijana wanne Weusi: Paul Hudson aitwaye H.R., nduguye Earl, Gary Miller aitwaye Dr. Know, na Darryl Jenifer. Walianza kwa kupiga jazi ya kisasa yenye mapigo magumu. Ndipo walipoisikia panki wakaigeuza kwa ustadi wao, wakaupiga mwendo wake kwa kasi ambayo wengine walishindwa kuifuata. Wakawa pia wafuasi wa imani ya Rastafari, na kati ya nyimbo zao za kasi wakapiga rege ya polepole. Santuri yao ya kwanza, “Pay to Cum”, ilitoka mwaka wa 1980. Jambo la kukumbukwa hapa ni kwamba mwaka wa 1979 walikwenda kupiga muziki Valley Green, mtaa wa nyumba za serikali wa watu maskini upande wa kusini-mashariki, pamoja na makundi ya vijana Weupe. Walifuata mfano wa chama cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka wa 1976 ili kupinga ubaguzi wa rangi kwa njia ya muziki. Picha zilizopigwa siku ile zaonyesha watoto wa mtaa wakiwatazama wageni wenye nywele za ajabu, wengine wakicheka, wengine wakicheza. Pale hapakuwa na mlango wala kiingilio.

Kwingineko mlango ulikuwapo, nao ulikuwa mzito. Vilabu viliishi kwa kuuza pombe, na sheria ya Washington wakati ule ilimruhusu mtu wa miaka 18 kunywa bia na mvinyo, wala si pombe kali. Umri huo ulipandishwa kuwa miaka 21 mwaka wa 1986. Kijana wa miaka 15 au 16 hakumletea mwenye kilabu faida yo yote, bali alimletea hatari ya kupokonywa leseni. Hivyo wale waliopenda muziki huu kuliko watu wote ndio waliozuiliwa kuusikia, na pengine hata wapigaji wenyewe walikuwa wadogo mno kuingia katika nyumba waliyoalikwa kupiga.

Mwaka wa 1980 kundi la Teen Idles, ambamo MacKaye alipiga gitaa la besi na Jeff Nelson alipiga ngoma, lilisafiri mpaka California. Katika kilabu cha Mabuhay Gardens cha San Francisco hawakufukuzwa kwa ajili ya umri wao. Walichorwa herufi kubwa ya X kwa wino mweusi mgongoni mwa kiganja, ili muuza pombe ajue kwamba hawa hawauziwi. Waliporudi Washington walikipelekea kilabu cha 9:30 shauri hilo hilo: watoto waingie, wachorwe, na ye yote atakayeonekana akinywa huku ana alama afukuzwe. Kilabu kilikubali. Hatimaye kilifanya pia maonyesho ya alasiri kwa ajili ya wenye umri mdogo, na usiku mwingine kiliweka makundi 3 kwa kiingilio cha dola 3.

Wataalamu wa alama na maandishi watapata jambo la kufikiri katika habari ya herufi hiyo. Ilianza kama alama ya kukataza, ya namna ile ile inayotumiwa kufuta kosa katika daftari ya mwanafunzi. Lakini waliochorwa hawakuona haya. Walianza kujichora wenyewe kabla ya kufika mlangoni, na hata waliofikia umri wa kunywa wakajichora pia. Katika jalada la santuri ya Teen Idles, iliyotoka Desemba, 1980, yaonekana mikono miwili ya kijana iliyopishanishwa, na juu ya kila mkono iko X. Mwaka uliofuata MacKaye, sasa katika kundi lake jipya la Minor Threat, aliimba wimbo usiofika dakika moja uitwao “Straight Edge”, akieleza kwamba yeye hana haja ya ulevi. Vijana wa miji mingine waliufanya wimbo huo kuwa sheria ya maisha, wakaunda jamii za wasiolewa katika Marekani yote na Ulaya, ingawa MacKaye alisema mara nyingi kwamba hakukusudia kuanzisha chama. Alama ya mlangoni ikawa kama nembo ya ukoo. Neno panki lilikuwa tusi likawa jina. X ilikuwa katazo ikawa heshima. Mambo haya mawili yana tabia moja.

Santuri ile ya Teen Idles ina umuhimu mwingine. Kundi lilipovunjika lilikuwa na akiba ya kiasi cha dola 600 iliyotokana na maonyesho, kwa maana wapigaji hawakujigawia. Badala ya kugawana sasa, walizitumia kuchapisha nakala 1,000 za nyimbo zao 8. Majalada waliyakata kwa mkasi, wakayakunja na kuyabandika kwa gundi wao wenyewe pamoja na rafiki zao. Ndivyo ilivyozaliwa kampuni ya Dischord, ya MacKaye, Nelson na mwimbaji wa Teen Idles, Nathan Strejcek. Mwaka wa 1981 walikodi nyumba Arlington, ng'ambo ya mto Potomac, ambayo ilikuwa makao, ofisi na chumba cha mazoezi. Nyimbo zao nyingi zilinaswa katika studio ya Inner Ear, ambayo Don Zientara aliiweka nyumbani kwake Arlington. Dischord haikuandikiana mikataba na makundi. Gharama zikiisha kulipwa, faida ilikatwa nusu kwa nusu. Tena ilishika kanuni ya kutoa santuri za makundi ya Washington na vitongoji vyake tu, wala haikutafuta wapigaji wa mbali. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kanuni ya Dischord ni kama tafsiri ya methali hiyo katika biashara: mji wenyewe uwatunze wachezaji wake, na wachezaji waubakie mji.

Sasa yapasa kuuliza, furaha ya watu hawa ilikuwa ni ipi? Mtu aliyezoea ukumbi mkubwa, ambamo mwimbaji ni nukta ya mwanga mbali mbele, hawezi kuielewa panki ya Washington mpaka akumbuke udogo wa vyumba vyake. Jukwaa lilifika magotini, na pengine halikuwako kabisa. Wimbo ulipoanza, safu ya mbele iliimba maneno yote pamoja na mwimbaji, naye akawapa kipaza sauti. Wasikilizaji walipanda jukwaani wakajirusha juu ya vichwa vya wenzao, wakapokewa kwa mikono. Baada ya robo saa kundi lilishuka likasimama katika umati, na wale waliokuwa katika umati wakapanda kupiga zamu yao. Hapana kitu kinachompa kijana moyo wa kujaribu kama kuona kwamba anayepiga gitaa ni yule aliyesimama karibu naye juma lililopita. Kwa sababu hiyo mji mdogo kwa sifa za muziki ulizaa makundi mengi katika muda mfupi. Mwaka wa 1982 Dischord iliweza kukusanya makundi 11 katika santuri moja, “Flex Your Head”.

Lakini ukumbi unaweza kufungwa kutoka ndani hata kama mlango uko wazi. Kucheza kwa kugongana kulianza kama mchezo, kisha wakaja wengine waliotaka kupiga watu ngumi. Wasichana, ambao tangu mwanzo walikuwa wapigaji, wapiga picha na waandishi wa vijigazeti, walisukumwa nyuma, wakabaki kushika makoti ya rafiki zao. Mnamo mwaka wa 1984 wengi wa waanzilishi walikuwa wamechoka na ghasia. Katika kiangazi cha 1985 walijaribu kuanza upya: makundi ya Rites of Spring, Embrace na Beefeater yalipiga muziki wenye huzuni na utulivu zaidi, na katika mwezi wa Juni vijana walikusanyika mbele ya Ubalozi wa Afrika ya Kusini wakipiga madebe na ndoo kuupinga ubaguzi wa serikali ile. Mwaka huo huo kiliundwa chama cha Positive Force, ambacho mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Mark Andersen. Tangu hapo kilitayarisha maonyesho ya muziki kwa ajili ya kuwasaidia wasio na makao, wagonjwa na wazee.

Swali la wasichana halikwisha kwa hayo. Katika kiangazi cha 1991 kundi la Bikini Kill na kundi la Bratmobile, yaliyotoka Olympia katika jimbo la Washington, upande wa Pasifiki, yalikaa katika mji mkuu miezi kadhaa. Wanawake wa makundi hayo, pamoja na wenyeji, walianza mikutano ya wasichana peke yao katika nyumba ya Positive Force, na harakati yao ikaitwa Riot Grrrl. Dai lao moja lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitimiza: wakati wa muziki wasichana waje mbele, na wanaume warudi nyuma. Wako wanaume waliokasirika. Hasira hiyo ilithibitisha kwamba sakafu ya ukumbi ina vyeo vyake, ingawa haina viti.

Aliyejaribu kuyaunganisha mambo haya yote, yaani mlango, bei na sakafu, alikuwa kundi la Fugazi. Kundi hilo lilipiga hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 3 Septemba, 1987, katika Wilson Center, jengo lililokuwa kanisa na ambalo wakati huo lilikuwa kituo cha wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini. Wapigaji walikuwa MacKaye, Joe Lally na Brendan Canty, na baadaye Guy Picciotto. Masharti yao yalijulikana kila walikokwenda: kiingilio kiwe dola 5 au zaidi yake kidogo sana, na watu wa umri wote waingie. Aliyewapiga wenzake mbele ya jukwaa alionywa kwa upole. Asiposikia, alirudishiwa dola zake akatolewa nje. Katika mji wao walipiga karibu kila mara kwa ajili ya kuchangia wengine, aghalabu katika kumbi za makanisa, kama lile la Mtakatifu Stefano katika barabara ya 16, na mwezi wa Januari, 1991, walipiga bure mbele ya Ikulu kuipinga Vita ya Ghuba.

Bei ile ya dola 5 haikuwa ukarimu mtupu, ilikuwa hesabu. Ukumbi wa watu 500 huleta dola 2,500, na fedha hizo hutosha kulipa chumba, vyombo na petroli, maadamu kundi halina wakala wa kulipwa, wala halilali katika hoteli kubwa, wala halihitaji matangazo. Kila gharama iliyoondolewa nyuma ya jukwaa ilionekana mlangoni kama punguzo kwa mtoto wa shule. Makampuni makubwa yaliwaita, nao hawakwenda. Hadi waliponyamaza mwaka wa 2003 walikuwa wamepiga zaidi ya mara 1,000. Mwaka wa 2011 walipoanza kutoa hifadhi ya maonyesho yao zaidi ya 800 yaliyonaswa, bei waliyoipendekeza kwa kila onesho ilikuwa ile ile, dola 5.

Hata hivyo historia haina budi kusema pia juu ya wale ambao mlango ulikuwa wazi kwao wasiingie. Mwaka wa 1970 Weusi walikuwa kiasi cha watu 7 katika kila watu 10 wa Washington. Lakini Bad Brains walipohamia New York mwanzoni mwa miaka ya 1980, kumbi za panki zilijaa zaidi vijana Weupe, wengi wao watoto wa wasomi na watumishi wa serikali kuu. Weusi wa mji walikuwa na muziki wao, go-go, uliotengenezwa na Chuck Brown na wenzake: ngoma zisizonyamaza kati ya wimbo na wimbo, na kiongozi anayeita majina ya mitaa na watu waliohudhuria, nao wakamwitikia. Go-go nayo ilijitegemea, ikauza kanda zake yenyewe, ikaishi kwa maonyesho kuliko kwa santuri. Zilikuwa nyumba mbili zenye tabia moja, na kati yao uzio. Mara chache uzio ulivukwa. Tarehe 23 Septemba, 1983, Minor Threat ilipopiga kwa mara ya mwisho, katika jengo la Lansburgh lililokuwa zamani duka kubwa, iliwaalika Trouble Funk, mabingwa wa go-go. Lakini sheria nzuri ya mlango haiwezi peke yake kufuta mipaka iliyochorwa na makazi, shule na mali.

Tangu miaka ya 1990 mji uligeuka tena. Watu walirudi, nao walirudi na fedha. Hesabu ya mwaka wa 2000 ilikuwa watu 572,059. Ya mwaka wa 2020 ilikuwa 689,545. Majengo yasiyotakiwa yakatakiwa. Ukumbi wa d.c. space ulifungwa mwishoni mwa 1991. Kilabu cha 9:30 kilihamia barabara ya V mwezi wa Januari, 1996, katika jumba la watu 1,200, mara sita ya lile la kwanza. Kilabu cha Black Cat, kilichofunguliwa na Dante Ferrando mwaka wa 1993 katika barabara ya 14, kilikuta mtaa uliokuwa bado na makovu ya 1968. Miaka 20 baadaye kilizungukwa na nyumba za matajiri. Studio ya Inner Ear, iliyokuwa imehamia jengo kubwa zaidi Arlington, ililifunga jengo hilo mwaka wa 2021. Na mwaka wa 2011 Weusi walikuwa wamepungua hata wasifike nusu ya watu wa mji.

Ndipo uzio ule wa zamani ulipoonekana kuwa mdogo kuliko hatari iliyozikabili nyumba zote mbili. Mwaka wa 2019 duka moja la simu katika mtaa wa Shaw, lililopiga go-go nje kwa miaka zaidi ya 20, liliambiwa linyamaze kwa sababu ya malalamiko ya mkazi wa jumba jipya. Maelfu ya watu walijaza barabara wakicheza, na muziki ukarudishwa. Mwaka uliofuata halmashauri ya mji ilitunga sheria kuifanya go-go kuwa muziki rasmi wa Washington. Panki nayo iliwekwa katika hifadhi: tangu 2014 Maktaba ya mji hukusanya kanda, picha, barua na matangazo yake, na imefanya maonyesho ya muziki katika vyumba vya maktaba. Heshima hizo ni njema. Lakini sheria yaweza kukitukuza kitu kisicho na mahali pa kukaa, na hifadhi hutunza karatasi za ukumbi, haitunzi ukumbi.

Iko alama moja iliyodumu, nayo haina mlango. Katika kilima cha Fort Reno, mahali pa juu kuliko pote katika mji, palikuwa na ngome ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, iliyojengwa mwaka wa 1861. Baada ya vita watu Weusi waliotoka utumwani walijenga hapo kijiji chao. Katika karne ya 20 serikali iliwaondoa kidogo kidogo ili kuweka bustani, matangi ya maji na shule za watoto Weupe. Tangu 1968 maonyesho ya muziki ya bure yamefanyika katika bustani hiyo wakati wa kiangazi, bila pombe, na Fugazi walipiga pale mara nyingi. Mwaka wa 2014 wenye mamlaka walidai watayarishaji walipe gharama ya polisi. Watayarishaji walitangaza kwamba hawawezi. Watu wa mji walipiga kelele, mapatano yakapatikana, na muziki ukapigwa.

Kisa hicho kidogo chakusanya mambo yote. Vyumba rahisi vya 1980 vilitokana na msiba wa 1968, wala hakuna mtu mwenye akili atakayeutamani msiba huo urudi ili vijana wapate vyumba. Basi bei ndogo ya mlangoni, iliyoletwa kwanza na umaskini wa mji, baadaye ilisimama kwa makubaliano ya watu tu: wapigaji waliokataa kuongeza kiingilio, padre aliyetoa ukumbi, mwenye kilabu aliyekubali wino mweusi juu ya mkono wa mtoto, na wakazi waliokwenda kuwagombeza wakubwa kwa ajili ya jukwaa la bustanini. Kwenye Fort Reno nyasi hukaliwa na mtu ye yote, naye haulizwi umri. Lakini ardhi anayoikalia iliondolewa mikononi mwa wengine, ambao wajukuu wao huenda wasiwe tena na makao katika mji ule.